Mashine Niliyoifundisha Kusalimia

Jesika, wewe na wenzako mmeniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi, kurasa chache tu, ili vijana wanaokuja wasome. Haya. Naandika nikiwa nimekaa barazani hapa Bariadi, miguu nimeiweka juu ya kigoda kwa sababu magoti hayataki tena ushirikiano na mimi. Vyeo nilivyopanda na barua nilizopewa mtavikuta kwenye faili langu, kama panya hawajatangulia. Mimi nitaandika habari ya mashine yenu na habari ya Minza. Kuna jambo nilimficha yule mama zaidi ya mwaka mzima, nanyi mlilijua mkanyamaza kwa kunistahi. Nimechoka kulibeba.

Nilianza kazi ya uuguzi na ukunga kwenye zahanati moja kule Lingeka, Meatu. Nilifika na sanduku la bati na sare mpya iliyokuwa inanibana kwapani. Aliyenipokea alikuwa mkunga mtu mzima, Sista Magdalena, mwanamke mfupi, mkali, asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Alinikabidhi vitu vitatu: ufagio, fetoskopu ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, na kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Fetoskopu ninayo mpaka leo. Kiti sijui kiliishia wapi.

Siku hiyohiyo akaja mjamzito wangu wa kwanza. Mimi na cheti changu cha chuo nikamkalisha, nikafungua daftari, nikamtolea macho. Una tatizo gani? "Sina." Kichwa kinauma? "Hapana." Damu inatoka? "Hapana." Mtoto anacheza? "Eeh." Nikaandika mzima, nikamwambia nenda nyumbani mama.

Sista Magdalena alikuwa amesimama mlangoni. Akamrudisha yule mama, akamkalisha upya, akaanza salamu kwa Kisukuma, taratibu kama mtu asiye na foleni nje.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Yaani salama tu, na mayu ni mama. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za pamba. Kote mhola duhu. Halafu Sista akamgeuzia mgongo, akaenda kwenye beseni, akaanza kunawa mikono. Alinawa kidole kimoja kimoja, bila neno. Nilidhani amemsahau mgonjwa. Kumbe yule mama huku nyuma akashusha pumzi, akasema, "Ila, mayu, mtoto tangu juzi hachezi."

Tulimhangaikia mpaka akasafirishwa hospitali, na mtoto alizaliwa mzima. Baadaye Sista Magdalena alinivuta pembeni. "Umeona? Mtu wa huku akikwambia mhola, hajakujibu. Amekusalimia tu. Hata akiwa ametoka kuzika atasema mhola duhu kwanza, kwa sababu si adabu kumrushia mwenzio matatizo usoni kabla salamu hazijaisha. Shida yake iko nyuma ya 'ila'. Na hiyo ila haitoki ukimkodolea macho na kalamu mkononi. Nenda kanawe mikono."

Basi nikanawa mikono miaka yote. Nilihamishwa zahanati baada ya zahanati, nikaja kuangukia wodi ya wazazi hapa mjini. Nilinawa hata pale ambapo hapakuwa na maji, nikawa nafuta mikono kwa kitambaa kikavu, mgongo kwa mgonjwa. Ilikuwa mazoea kiasi kwamba sikujua tena kama ni kazi. Ukinifuata ukaniuliza, Sista Kabula, unawezaje kuwafungua midomo hawa, ningekwambia ni kuwasalimia vizuri. Hilo ndilo kosa lenyewe, na lilikaa ndani yangu likisubiri siku yake.

Siku ilifika mlipokuja ninyi. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Mganga mkuu aliniita ofisini, nikamkuta binti mwembamba kutoka Dar amevaa raba nyeupe, na nikajua kabisa udongo wa huku utamshughulikia. Ndiye wewe, Jesika. Ukasema shikamoo mama, ukanieleza kwamba mradi wenu unatengeneza akili mnemba itakayokaa kwenye kishikwambi. Mhudumu wa afya wa kijiji atapita nacho nyumba kwa nyumba, kitamuuliza mjamzito maswali kwa sauti, Kiswahili au Kisukuma, kitasikiliza majibu, kisha kitatoa rangi. Kijani, mzima. Njano, aende zahanati. Nyekundu, hospitali sasa hivi. Mlitaka mtu anayewajua akina mama, awaambie kioo kioneshe nini na mashine iseme nini. Nilikubali kwa sababu vikao vilikuwa na viti vyenye mgongo.

Nitasema ukweli, niliipenda ile kazi. Mara ya kwanza kioo chenu kilikuwa na picha ya mjamzito amevaa suruali, amekaa kando ya chungu cha maua. Akina mama wa Kasoli waliitazama wakauliza huyu dada anaumwa nini mbona amekonda hivyo. Ukaichora upya. Mara ya pili ilitoka rangi nyekundu huku kishikwambi kimemwelekea mama mwenyewe, naye akaanza kulia akidhani ameambiwa anakufa. Tukaamua rangi aione mhudumu peke yake kwanza. Ulikuwa unachora kila ukurasa kwenye karatasi, unaenda nazo kwa akina mama wanaochambua pamba, unawauliza wanaonaje. Wakasema nzuri sana mwanangu, nzuri mno. Ukaandika kwamba wote wameipenda.

"Wamekupenda wewe," nilikwambia. "Wewe ni mgeni. Wakwambie mbaya?"

"Sasa nitajuaje mama?"

"Usiwaulize kama nzuri. Mwambie mmoja amfundishe mwenzake ukurasa huo. Pale atakaponyamaza ndipo pabovu."

Uliruka kwa furaha kama umeokota kitu. Mimi nilirudi nyumbani siku hiyo najiona mtaalamu. Ptuu! Mtu mzima hovyo.

Kwa sababu wiki iliyofuata ndipo nilipoipigia mashine kelele kikaoni. Ilikuwa inaanza moja kwa moja: una maumivu ya kichwa, ndiyo au hapana. Nikasema mashine hii haina adabu kabisa, nani atamjibu mtu ambaye hata salamu hajatoa? Ifundisheni kusalimia. Nikawaandikia salamu zote kwa mkono wangu, mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya mchana, kisha mhola. Mkamtafuta binti mmoja wa Itilima mwenye sauti nzuri, akarekodi. Kikao kizima kikapiga makofi.

Kisha ukaleta jambo la pili. Wahudumu walikuwa wanalalamika kwamba maswali ni mengi, akina mama wanachoka, jua linawakuta njiani. Ukauliza, "Mama, tukifanya hivi: mjamzito akisema mwanzoni kwamba yuko salama, mashine iruke maswali mengine, imuage. Asiyekuwa salama ndiye aulizwe yote. Unaonaje?"

Nilikuwa nimetoka zamu. Miguu ilikuwa inawaka moto, nilichokuwa nawaza ni kitanda. Nikasema sawa.

Neno lenyewe ndilo hilo. Sawa. Sikusimama kufikiri kwamba swali la mwanzoni sasa ni lile la mhola. Nilikuwa nimeipa mashine salamu za Sista Magdalena nikasahau kuipa beseni.

Ilipoanza kazi vijijini, kila mtu aliisifu. Wazee walisema hiki kidude chenu siku hizi kina adabu kuliko wajukuu zetu. Wahudumu walimaliza nyumba zao mapema. Ripoti zilikuja kijani tupu, nasi tukafurahia kijani kama wakulima waliopata mvua. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje wajawazito wa Simiyu nzima wakapona kwa mpigo. Mimi mwenye miaka yote ile leba, sikujiuliza.

Minza alikuwa anaishi kijiji kimoja cha kata ya Migato. Mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Mhudumu wa kijiji chao ni Leonsi, mkulima wa makamo, mtu makini, mnamjua. Leonsi alifika asubuhi, akawasha kishikwambi, mashine ikasalimia vizuri sana, Minza akajibu, mashine ikamshukuru ikamuaga. Kijani. Siku tatu baadaye, jua la saa sita, aliletwa hospitali kwa pikipiki, mumewe mbele na mama yake nyuma wamembana katikati, anatupwatupwa na degedege. Kifafa cha mimba. Nilikuwa zamu mimi.

Presha ilikuwa juu kiasi kwamba nilipima mara mbili. Tulimpa magnesiamu ya kuzuia degedege, tukamwekea mpira wa mkojo, daktari akampeleka chumba cha upasuaji. Minza alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka hana uhai. Nilimfunga mwenyewe kwenye kitenge cha bibi yake nikamkabidhi. Bibi akamwangalia, akaniangalia. "Mashine ilisema mzima," akasema. Hakuwa anagomba. Alikuwa ananiuliza. Familia ilimzika mtoto Migato wakati Minza bado yuko kitandani kwetu, hajitambui vizuri.

Jesika, unakumbuka tulivyosikiliza ile sauti ofisini kwenu. Mashine huhifadhi mazungumzo. Wewe, mimi na Leonsi, mlango umefungwa. Binti wa Itilima anasema mwangaluka mayu, mhola? Sauti ya Minza inajibu, "Mhola duhu. Ila ki..." na juu yake inapanda sauti ya shukrani, endelea kuhudhuria kliniki, ubaki salama. Inakatikia hapo. Ulirudia mara tatu, sijui ulitegemea nini. Leonsi alikuwa amejishika kichwa.

"Uso wake niliuona umevimba," akasema. "Niliona, Sista. Macho yamekuwa madogo. Lakini mashine ikatoa kijani. Nikasema hii imesomeshwa na wataalamu, mimi Leonsi wa jembe nani?"

Ukaanza kusema mifano ya sauti haikutosha, kwamba tuongeze sauti nyingi za Kisukuma mashine ijifunze zaidi. Nikakwambia nyamaza mwanangu. Mashine imesikia vizuri. Imeambiwa mhola, ikaandika mhola. Aliyeiambia kwamba hilo ni jibu ni mimi.

Nililia siku ile, na sioni haya kuandika. Halafu nikainuka nikaenda kwenye sinki la ofisi yenu nikakugeuzia mgongo, nikaanza kunawa. Ulidhani nimemaliza mazungumzo. Nilinawa kidole kimoja kimoja. Ulikaa, ukakaa, mwisho ukasema kwa sauti ndogo, "Ila mama, ile njia ya mkato niliileta mimi." Nikakwambia umeona sasa. Hicho ndicho mashine yetu haina.

Ile kazi ya miezi iliyofuata wanaokuja waisome kwenye karatasi zenu, mimi nitawaachia machache niliyoyashika. Salamu tuliiacha, lakini majibu yake tukaamuru yasihesabiwe popote. Baada ya salamu mashine inanyamaza. Mara ya kwanza mliweka kile kiduara kinachozunguka wakati wa kimya, na kila aliyekiona aliharakisha kusema chochote ili kisimame. Mkakitoa, mkaweka picha ya mikono inanawa, maji yanatiririka polepole, hakuna mshale wala saa. Njia ya mkato tuliifuta kabisa, anayelalamikia jua anunue kofia. Na kabla rangi haijatoka, kioo kinamuuliza mhudumu: wewe mwenyewe umemwonaje? Akisema hajaridhika, mashine haina ruhusa ya kutoa kijani. Hilo alilidai Leonsi, na ndilo lililo bora kuliko yote. Mkurugenzi wenu aliuliza kama kimya kirefu hivyo hakitaonekana kama mashine imeganda. Nikamwambia mheshimiwa, acha ionekane imeganda.

Lakini Migato hawakutaka kukiona tena hicho kishikwambi, na walikuwa na haki. Mwenyekiti wa kijiji alituambia kwa upole kwamba tukija na dawa tunakaribishwa, tukija na kioo turudi tulikotoka. Tulikuwa tumesharudi kwenye gari Leonsi alipokuja mbio. Minza ametuma ujumbe, tuende kwake. Ana mimba tena.

Tulimkuta nje ya nyumba, mama yake kando, uso umekunjamana kama anatuhesabia dakika. Minza alisema, "Washeni." Leonsi akaweka kishikwambi kwenye mkeka. Mashine ikasalimia, mwadila mayu, mhola? "Mhola duhu," akajibu Minza. Ikanyamaza. Maji yakawa yanatiririka kwenye kioo. Kuku wakapita. Wewe Jesika nilikuona umeuma midomo. Nami nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo isije ikasema neno.

"Ila mara ile hukunisubiri," Minza akaiambia.

Mashine, nashukuru, ilibaki kimya.

"Nilikuwa nakwambia kichwa kinapasuka na macho yanaona vimulimuli. Ukaniaga. Mtoto wangu nimezikiwa, sikumwona. Sasa nakwambia, miguu inavimba jioni, na tangu jana kichwa kimeanza."

Kioo kikamuuliza Leonsi umemwonaje. Leonsi hakukigusa. Alinitazama mimi, nikafungua mkoba, nikampima Minza presha palepale kwenye mkeka. Ilikuwa imeanza kupanda. Siku hiyohiyo tuliondoka naye na mama yake kwenye gari la mradi, akalazwa, akakaa karibu na hospitali mpaka alipojifungua. Mtoto wa kike, mdogo, mwenye kelele. Nilimpokea kwa mikono yangu, na alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho niliowapokea kazini.

Katika yote hayo, Minza aliniita mayu, akanishika mkono, akawaambia watu wodini kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mara mbili. Mimi nikaitikia. Kila mara nilisema nitamwambia kesho. Kesho ana presha, kesho ana uchungu, kesho ananyonyesha, mwache apumzike. Visingizio vya mtu mzima huwa vimevaa vizuri. Kisha nikaagwa, nikakatiwa keki, nikavishwa khanga mabegani, mkanipa na saa ya ukutani ambayo sijui niitazame ili niende wapi.

Wiki iliyopita nilipanda gari nikaenda Migato, peke yangu, bila sare wala mkoba. Minza alinipokea kwa vigelegele. Mtoto anatambaa, ana meno mawili, ameninyang'anya miwani mara moja. Tukaongea habari za mvua na za pamba iliyokataa kuota upande wa bondeni. Ugali ulipoiva, mama yake akauweka mezani, naye Minza akaja na jagi na beseni kuninawisha, akapiga goti mbele yangu.

"Na wewe mayu, huko kustaafu, mhola?"

"Mhola duhu," nikasema.

Akaanza kumimina. Hakusema kitu kingine wala hakunitazama usoni, alitazama maji. Nikanawa kidole kimoja, nikanawa cha pili. Nikajua kwamba nikimaliza vidole kumi nitakula ugali wake, nitaaga, na sitarudi tena.

"Ila, Minza," nikasema, "ile mashine iliyokuaga kabla hujamaliza, aliyeifundisha kusalimia ni mimi."

Mkono wake ulisimama. Nilisikia mtoto akigonga miwani yangu sakafuni. Kisha jagi likainama tena, akaendelea kunimiminia, taratibu, mpaka maji yakaisha.